Bastola ya .22 iliyotumika: inapogoma, inapokwama, na inapobidi uiache

Mzee mmoja wa Marangu aliifungua bastola yake mbele yetu, imezongwa kwenye kipande cha khanga, akasema, "Mwanangu, hii haijanisumbua hata siku moja." Hakudanganya. Ilikuwa imekaa kabatini miaka na miaka, na kitu kisichotumika hakina wakati wa kusumbua. Tulipofika kwenye uwanja wa shabaha, mzee mwenyewe akiwa ndiye aliyeishika, iligoma mara nne katika risasi kumi za kwanza. Mnunuzi, kijana mfanyabiashara wa Arusha, akaanza kushusha bei palepale. Nilimwomba asubiri. Fundi silaha alipoifungua alikuta mafuta ya zamani yamegeuka gundi ya rangi ya asali ndani ya tundu la pini, ile inayogonga risasi. Ikasafishwa, ikabadilishwa springi ya magazini, kile kibati cha kuwekea risasi. Wiki iliyofuata ilipiga risasi hamsini, ikagoma moja tu.

Bastola nyingi ndogo za .22 (ndicho kipimo cha unene wa risasi kwa inchi), "pointi mbili mbili" kama tunavyoziita, zinazobadilisha mikono huku Kilimanjaro na Arusha ziko hivyo. Hazikuchakaa kwa kupiga, zimezeeka kwa kulala. Kwa sababu hiyo bei zake hukosewa pande zote mbili: nzima inaitwa mbovu kwa ajili ya uchafu wa shilingi elfu chache, na ya hatari inapita kwa sababu inang'aa. Miaka niliyokaa pembeni ya meza ya fundi silaha imenifundisha kusikiliza dalili kabla ya kutazama sura. Hizi hapa ni zile zinazoletwa tena na tena.

Kabla ya kugusa chochote

Silaha haiuzwi mkono kwa mkono kama simu. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, umiliki unahama kwa kibali, kupitia polisi. Kwa hiyo bastola ikiwa bado iko kwenye leseni ya muuzaji, muuzaji ndiye aibebe, aishike na aipige siku ya majaribio, kwenye uwanja ulioruhusiwa. Wewe tazama, uliza, okota maganda. Usikubali kujaribishwa nyuma ya migomba shambani kwa mtu.

Na kila inapowekwa mezani, utaratibu ni mmoja: mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu, magazini itolewe kwanza, kisha slaidi, kile kipande kinachoteleza, ivutwe nyuma, kisha tundu la chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, litazamwe kwa macho na liguswe kwa ncha ya kidole. Usibadilishe mpangilio huo. Anayevuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye ameingiza risasi mpya ndani ya chemba, na sasa anaamini bastola ni tupu.

Jambo moja la kiufundi nalo lieleweke mapema, maana nusu ya malalamiko yanatokana nalo. Risasi ya bastola kubwa ina kidonge cha kuwashia katikati ya kitako chake. Ya .22 haina. Dawa ya kuwashia imesambazwa kwa kuzungushwa ndani ya ukingo mwembamba wa ganda, na pini huiwasha kwa kuubana ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba. Ganda ni jembamba, na risasi yenyewe ni laini, imepakwa nta au grisi kwa nje. Ndiyo maana ni nafuu, ndiyo maana huchafua, na ndiyo maana hugoma mara nyingi kuliko risasi kubwa. Risasi ya aina hii, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887, na ugonjwa wake ni uleule tangu wakati huo. Anayetaka bastola ya kulinda nyumba aambiwe hilo kabla hajatoa pesa.

Triga inavutwa, nyundo inagonga, risasi hailii

Kwanza kabisa: usiifungue haraka. Shikilia bastola ikielekea kwenye shabaha, hesabu sekunde thelathini kamili. Mara chache dawa huchelewa kushika, na ganda likilia nje ya chemba, vipande vyake vinaruka usoni.

Sekunde zikiisha, toa risasi hiyo, ushike kitako chake kwenye mwanga. Hapa ndipo bastola inaposema ukweli wake wote, na watu wengi huitupa chini bila kuitazama. Alama ya pini kwenye ukingo ikiwa na kina kizuri, imebonyea vizuri kama ukucha uliokandamizwa kwenye sabuni, mshukiwa wa kwanza ni risasi. Irudishe chembani ukiizungusha nusu duara, ili pini ipige upande mwingine wa ukingo. Ikilia, basi dawa haikuenea sawasawa kiwandani, au risasi zimekaa sana. Uliza zimenunuliwa lini na zilihifadhiwa wapi. Boksi lililolala juu ya dari la bati Moshi, likichemka Januari na kupoa Julai, silitegemei hata kama liko kwenye karatasi yake. Jaribu boksi jipya la kiwanda kingine kabla hujaihukumu bastola.

Alama ikiwa hafifu, mkwaruzo tu, sasa tazama bastola. Kinachokutwa mara nyingi kuliko vyote ni uchafu na mafuta yaliyoganda kwenye njia ya pini. Watu huku wanapaka walichonacho: mafuta ya kula, mafuta ya nazi, oili iliyotolewa kwenye injini, dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu. Hayo huishia kuganda, kunata au kukusanya uchafu. Mafuta mepesi ya cherehani, tone moja baada ya kusafisha, yanatosha kabisa. Pini inayonata hufika ikiwa imechoka, na asubuhi za Julai kule Arusha, baridi ikiwa kali, ndipo huzidi. Muuzaji akikwambia, "inagoma baridi tu, mchana iko sawa," umeshapata jibu.

Baada ya uchafu, angalia kama slaidi imefunga mpaka mwisho. Ikibaki wazi hata kwa unene wa kadi, nguvu ya nyundo inaishia kuisukuma slaidi badala ya kubana ukingo. Hiyo ni chemba chafu, au springi ya kurudishia iliyolegea.

Kisha springi ya nyundo. Wapo waliokata pingili moja au mbili ili triga iwe laini. Triga inakuwa laini kweli, na bastola inaanza kugoma. Springi mpya ndiyo dawa, kazi ya fundi, si ghali ikiwa vipuri vinapatikana.

La mwisho kwa wingi, lakini la kwanza kwa gharama, ni mdomo wa chemba uliogongwagongwa. Bastola nyingi za .22 ukifyatua bila risasi ndani, pini haina ukingo wa kubana, inapiga chuma cha chemba chenyewe. Baada ya "tk, tk, tk" za miaka, panatokea kishimo mahali pini inapofika. Sasa ukingo wa ganda hauna nyuma pa kuegemea, nao unabonyea tu bila kubanwa. Washa tochi, tazama ukingo wa chemba kwa pembeni: alama nyembamba inayong'aa ni ya kawaida, kishimo chenye mdomo uliovimba kuelekea ndani si cha kawaida. Fundi mwenye kifaa chake anaweza kuurudisha uvimbe mdogo. Kishimo kirefu ni mtutu mpya. Zipo zilizotengenezwa kuvumilia, kama Ruger za Mark, ambazo zina kipini cha kuizuia pini isifike kwenye chemba, lakini kipini hicho akikisahau mtu wakati wa kuunganisha, nayo inajiumiza kama nyingine. Kwa hiyo ukimwona muuzaji anafyatua bastola tupu mfululizo kukuonyesha ilivyo laini, mwombe aache. Akitaka kuonyesha triga, aweke ganda lililokwisha kupigwa, upande ambao haujabonyea.

Ganda linabaki ndani, au linasimama wima mlangoni

Hizi ni dalili mbili, watu huzichanganya.

Ganda likibaki chembani, slaidi ikarudi mikono mitupu, fikiria chemba chafu kabla ya kitu chochote. Nta, masizi na risasi laini hutengeneza ngozi ngumu ndani ya chemba. Brashi ya shaba ya .22 na dawa ya kusafishia mtutu, dakika kumi, na zaidi ya nusu ya kesi hizi zinaisha. Uvimbe ule wa mdomo wa chemba niliousema juu nao hulishika ganda kwa pembeni. Utaona mkwaruzo mrefu upande mmoja wa ganda, sehemu ileile kila mara. Kisha tazama ndoano ya kutolea ganda. Ncha yake iwe kali, ikirudi kwa nguvu ukiisukuma kwa kijiti. Ikiwa ya duara, imelika. Ndoano ni kipuri kidogo. Kwa bastola ya kiwanda kinachofanya kazi hadi leo, haina shida kupatikana. Kwa bastola ya zamani ya kiwanda kilichofungwa, ndoano hiyohiyo inaweza kukugharimu zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa itabidi ichongwe.

Kwa rivolva za .22, zile za ngoma inayozunguka, kuna kisababishi cha peke yake. Mwenye nayo akipiga risasi fupi za .22 Short kwa muda mrefu, panajengeka pete ya masizi ndani ya tundu, mbele kidogo ya pale ganda fupi linapoishia. Siku akiweka za Long Rifle, zinaingia kwa kulazimishwa na zinatoka kwa kugongwa. Ni uchafu tu. Usikubali mtu alitanue tundu kwa msasa.

Ganda likitoka chembani lakini likanaswa na slaidi, limesimama kama bomba la moshi la kiwanda, slaidi haikurudi nyuma kwa kasi ya kutosha. Kwanza risasi dhaifu: za shabaha zenye mwendo wa chini haziziendeshi bastola zote. Jaribu zenye kasi kubwa, isipokuwa bastola ni ya kale. Colt Woodsman, kwa mfano, zilianza 1915, na zile za kabla ya 1932 hazikuundwa kwa risasi za kasi kubwa. Ukizilazimisha unaua bastola ambayo thamani yake iko kwenye uzima wake. Pili ni mkono: kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi. Mwombe muuzaji akaze kifundo apige risasi kumi, uone. Uchafu tena, halafu kitoleo (kile kinacholirusha ganda nje) kilichovunjika ncha, hufuata mwishoni.

Risasi mpya haiingii

Magazini. Naandika neno hilo peke yake kwa makusudi, kwa sababu nimeona bastola ikibomolewa yote kwa kosa la kibati cha magazini.

Midomo ya magazini ya .22 ni bati jembamba. Ikianguka mara moja sakafuni kwa saruji, upande mmoja unafunguka kwa upana wa unywele, na risasi inaanza kunyanyua pua kupita kiasi au kugonga chini. Tazama kwa juu: midomo miwili iwe sambamba, isiwe na alama ya koleo. Alama ya koleo ina maana kwamba mtu alishaona tatizo kabla yako na akajaribu kulificha. Jaza risasi zote, kisha sukuma ya juu kwa kidole gumba: iende chini na irudi bila kusita. Magazini iliyohifadhiwa imejaa miaka kumi, springi yake inaweza kuwa imelala.

Jaribio lake ni rahisi mno. Zikiwa magazini mbili, ziweke alama kwa penseli, moja na mbili, zipigwe kumi kumi. Ikikwama na namba moja tu, bastola haina kosa. Ikikwama na zote mbili, tazama njia ya kupandia risasi kama ina makovu, na kitasa cha kushikia magazini kama kimelegea. Risasi zenye pua ya bapa au tundu hukwama kwenye bastola nyingi za zamani; rudi kwenye za pua ya duara.

Kwenye bei, hapa uwe mkali. Bastola yenye magazini moja, na ya modeli iliyokufa, ni bastola ambayo siku moja itakuwa pambo. Magazini mbili za asili, zenye jina la kiwanda kilekile, naziona na thamani kuliko boksi la mbao na karatasi zake.

Inalia vizuri, lakini haipigi mahali pamoja

Shika nati kabla ya kushika mtutu. Browning Buck Mark, iliyoingia sokoni 1985, inajulikana kwa skrubu zake mbili za juu zinazoshikilia kipande chenye kionea shabaha. Zikilegea, utalaumu jicho lako mwezi mzima. Zikaze kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye kichwa, kwa nguvu ya vidole, maana fremu ni ya alumini na nyuzi zake huliwa upesi. Tazama pia mdomo wa mtutu. Ukingo wa mwisho pale risasi inapoachana na chuma ndio unaoamua inaelekea wapi, na watu husafisha kutoka mbele kwa waya wa mwavuli wakaula upande mmoja.

Halafu ndani. Mtutu wenye madini ya risasi yaliyonata kwenye mifuo, ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi, unaonekana una mistari ya kijivu isiyong'aa, brashi inaitoa. Vishimo vya kutu havitoki, lakini mtutu wa .22 wenye vishimo vichache bado unaweza kupiga vizuri, kwa hiyo sikatai bastola kwa hilo peke yake. Napunguza bei.

Ninachokataa ni pete. Elekeza tochi kitakoni mwa mtutu, utazame kutoka mbele bastola ikiwa imefunguliwa na tupu. Ukiona duara jeusi, kivuli kama pete ya kidole kinachozunguka mtutu mzima, hapo risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata. Chuma kimevimba. Wakati mwingine uvimbe huo hauonekani kwa nje hata kidogo. Fundi wangu huthibitisha kwa kitambaa kilichobana kwenye ufito: anakisukuma taratibu, kinakwenda kwa uzito uleule, kinakwenda, kisha ghafla kinalegea kama mguu uliokosa ngazi gizani, halafu kinabana tena. Nilipewa ufito nijisikilizie mwenyewe, na sijawahi kukisahau kile kilegeo. Bastola ile ilikuwa nzuri kuliko zote zilizoletwa mwaka ule. Acha kupiga, mpelekee fundi silaha; mtutu unabadilishwa, hautengenezwi.

Na kama karatasi ya shabaha inaonyesha matundu marefu, risasi zimeingia kwa ubavu, simama usome maandishi ya ubavuni mwa mtutu. Inawezekana mtu anapiga .22 Long Rifle kwenye silaha ya .22 Magnum, ambayo ilitoka 1959 na ganda lake ni nene zaidi. Ya Long Rifle inapwaya ndani, inapasuka, haielekei popote. Kwenye bastola za Ujerumani utakuta pameandikwa ".22 lfB"; usibabaike, hiyo ni Long Rifle kwa kifupisho chao.

Ganda linatoka limepasuka, au unahisi upepo wa moto usoni

Acha. Usipige nyingine "kuhakikisha".

Okota ganda. Limevimba karibu na kitako? Bastola ilifyatua kabla ya kufunga, au chemba imelika. Limechanika ukingoni? Inaweza kuwa risasi mbovu za boksi lile, au nafasi kati ya slaidi na chemba imezidi. Ganda la .22 ni bati jembamba tu lililobeba moto wote. Likikosa chuma cha kuegemea, gesi inarudi nyuma, kwenye macho. Hakuna ukaguzi wa mezani unaoweza kukuhakikishia usalama hapa. Maganda uyaweke kwenye bahasha, pamoja na boksi la risasi lenyewe, vyote viende kwa fundi silaha. Miwani ya kukinga macho si ya wanamashindano peke yao.

Inalia mara mbili kwa kuvuta mara moja, au inalia yenyewe

Hapa nasema kwa sauti ya juu kabisa niliyonayo. Bastola inayopiga mbili ukivuta moja haina "kasoro ndogo". Toa magazini, safisha chemba, funga, peleka kwa fundi mwenye leseni. Usiweke magazini yenye risasi zaidi ya moja ndani yake tena mpaka itengenezwe.

Kisababishi kikubwa ni jino linaloishikilia nyundo ikiwa imekoki, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga. Ni kipande kidogo, uso wake wa kazi si mpana kuliko punje ya mchele. Niliwahi kuonyeshwa kimoja chini ya kioo cha kukuzia: mtu alikuwa amekipiga msasa ili triga iwe nyepesi. Kona iliyopaswa kuwa kali kama ya kisu ilikuwa imegeuka mgongo wa kobe. Nyundo ilikuwa imeegemea mgongo huo, ikisubiri kutikiswa. Aliyefanya kazi ile alikuwa fundi hodari wa kuchomelea mageti, na sina shaka alikuwa na nia njema. Chuma hicho kimepikwa ugumu wake juu tu; ukiula ule utando, chini ni laini, na siku hadi siku kinazidi kulika.

Kuna ukaguzi unaofanyika bila risasi, magazini nje na chemba imeshaangaliwa mara mbili, ganda lililopigwa likiwa ndani. Koki. Sefti, kile kizuizi cha usalama, ikiwa imewekwa, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, iachie, kisha toa sefti bila kugusa triga. Nyundo isianguke. Koki tena, sefti imetolewa, na kama nyundo iko nje, isukume mbele kwa kidole gumba kwa kiasi. Isianguke. Kisha vuta triga na uendelee kuibana. Vuta slaidi nyuma, iachie irudi kwa kishindo. Sasa achia triga taratibu. Usikie "klik", na nyundo ibaki imekoki. Ikianguka ilipofuata slaidi, umepata kisababishi. Bastola nyingine hazikubali kufyatua bila magazini. Hizo ziwekewe magazini tupu uliyoiona kwa macho yako kuwa ni tupu.

Na wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Ruger Mark IV zote, pamoja na 22/45 za toleo hilo, zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017, ziliitwa zirudishwe na kiwanda chenyewe. Triga ikivutwa sefti ikiwa katikati, haijapanda wala haijashuka, bastola huweza isilie, kisha ikalia sefti inaposogezwa kwenye kupiga. Namba zake huanza na 401 au WBR. Ukiletewa moja, muulize mwenye nayo kama sefti ilibadilishwa, na fundi athibitishe kwa kuifungua.

Inang'aa kama mpya

Hiyo nayo naihesabu kuwa dalili.

Rangi ya asili ya chuma ina kina, na kingo za herufi zimesimama. Iliyong'arishwa upya kwa mashine ina herufi zilizozama, matundu ya skrubu yaliyotanuka kama sahani, na vishimo vya kutu vilivyolala chini ya weusi mpya. Kwa mkusanyaji, thamani imeshaondoka. Kwa mtumiaji, swali ni kwa nini iling'arishwa. Jibu la kawaida ni mfuko wa ngozi: bastola ililala humo masika nzima, Machi hadi Mei, ngozi ikanyonya unyevu na kuutunza ubavuni mwa chuma. Ondoa vipande vya kushikia mkononi uangalie chini yake, hapo hakuna anayekumbuka kupafuta. Kwa Walther P22, iliyoanza kuuzwa 2002, ujue slaidi yake ni ya aloi ya zinki. Haishiki kutu ya chuma, lakini hupata nyufa, hivyo pitisha tochi mlangoni pa ganda na kwenye kona zote.

Umri unasomeka. Bastola za Ujerumani zilizopimwa tangu katikati ya miaka ya 1970 huwa na mihuri midogo: tai juu ya herufi N, na pembeni herufi mbili za mwaka. A ni sifuri, B ni moja, hivyo hivyo mpaka K ambayo ni tisa, J ikirukwa. Ukiona IC, ni 1982. Muuzaji akikwambia ni ya 2005, bei ishuke, na hata maneno yake mengine uyapime upya.

Ukikuta silaha isiyo na mihuri wala jina la kiwanda, mtutu una mshono, au imeandikwa 8 mm au 9 mm P.A.K. lakini unaambiwa inapiga .22, hiyo ni bastola ya mlio, ya kutoa sauti tu, iliyogeuzwa. Chuma chake hakikuundwa kubeba risasi. Mwisho wa mazungumzo.

Namba haisomeki

Namba iliyopo kwenye fremu isomwe kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, huku mwingine akiifuatisha kwenye leseni ya muuzaji. Kutu huweza kuifunika namba. Mafuta mepesi na mswaki wa zamani vitaifichua. Tupa huifuta, na alama zake unazijua: mistari sambamba, chuma kimelala bapa mahali palipopaswa kuwa na mviringo. Ikiwa hivyo, usiitengeneze, usiipige, usiichukue "kuiangalia nyumbani", na kituo cha polisi kipewe taarifa siku hiyohiyo.

Ya mzee wa Marangu ilisomeka yote, tarakimu zote sita. Kijana alipunguziwa bei ya springi na ya magazini ya pili, si zaidi, na bastola ikabaki kwa mzee mpaka kibali kilipotoka.